Naombeni pishi la samaki wa sikukuu, ila asitambulike ni samaki gani

Ngosha wa Buzuruga
Wakuu salama? Poleni na mihangaiko ya mwisho wa mwaka.

Naombeni msaada wenu wa haraka. Krismasi hii nina wageni kama kumi na wawili hapa Mwanza, wanaingia Jumamosi tarehe 26 asubuhi na basi la Musoma, mchana tunakula. Nataka pishi la samaki la heshima. Masharti yangu ni haya: samaki achunwe ngozi kabisa, asagwe au achambuliwe, na viungo vifunike harufu. Iwe katlesi au rosti zito, nyie ndio wataalamu. Sato sitaki, sangara sitaki, msinipeleke huko.

Natanguliza shukrani. Sijalala vizuri kwa hili jambo.

Mama Wawili Nyegezi
Mdogo wangu, Krismasi ni pilau. Samaki unakula mwaka mzima, ziwa lipo hapo mlangoni.

Kaanga kitunguu kingi kwenye mafuta mpaka kiwe kahawia ya kweli, si njano. Hapo ndipo rangi ya pilau inapotoka, siyo kwenye pilau masala ya pakiti. Tia kitunguu saumu na tangawizi ulivyotwanga mwenyewe, kisha binzari nyembamba, hiliki, mdalasini, karafuu chache (karafuu ikizidi pilau linakuwa dawa ya jino). Nyama ya ng'ombe iwe imeshachemshwa na chumvi, na supu yake usimwage, ndiyo maji ya kupikia. Weka viazi, weka mchele. Kama umepata mchele wa Kahama wa msimu huu, punguza maji, haunywi sana. Funika, palia mkaa juu ya sufuria, ondoka jikoni. Wanaume mkipika mnafunua funua, ndiyo maana wali wenu unakuwa uji.

Mzee wa Mwaloni
Kijana, mimi nimezeekea kwenye samaki pale Mwaloni Kirumba. Sato hutaki, sangara hutaki. Dagaa hachunwi ngozi. Sasa umebaki na nani? Sema jina, kila samaki na pishi lake.

Ngosha wa Buzuruga
Mama Wawili asante, pilau nimelihifadhi kwa mwaka mpya. Mzee, ni samaki wa kawaida tu. Nyama yake imeshikana, ina mafuta, ana shombo kidogo. Tayari ninaye, yupo kwenye friza ya jirani.

Mjukuu wa Ukerewe
Hahaha huyo ni KAMONGO. Mleta uzi ana kamongo na anaona aibu kumtaja.

Ngosha wa Buzuruga
Haya ni kamongo, kwani kuna dhambi gani? Kuna jamaa wa Magu nilimkopesha hela tangu masika, kila nikimpigia ananiambia kesho. Wiki iliyopita akaniletea kamongo wawili wakubwa kwenye gunia, akasema tumalizane. Ningefanyaje? Hela imekuwa samaki, na samaki lazima aliwe. Minofu ninayo ya kutosha, sina sababu ya kwenda kununua mwingine kwa bei hizi za Desemba.

Mvuvi Mstaafu
Umenikumbusha mbali. Hamjui kamongo nyie mnaomwona kwenye beseni. Yule anapumua hewa kama mimi na wewe. Kiangazi bwawa likikauka anajichimbia kwenye tope, anajizungushia ute wake, anasubiri mvua. Mtu analima mpunga jembe linamtoa mzima mzima. Na anang'ata! Tulikuwa na mwenzetu kwenye mtumbwi upande wa Sengerema, alidhani kamongo ameshakufa kwa sababu alikaa juani tangu asubuhi. Akapitisha mkono kutafuta kiberiti. Mpaka leo kidole cha shahada hakikunji. Tangu siku hiyo kamongo kwetu alikuwa anapigwa rungu la kichwa mara mbili, ya pili ni ya heshima.

Ticha wa Pasiansi
Vijana mfahamu pia kwamba huyo kamongo ndiye mwenyeji. Sangara mnayemsifia alipandikizwa ziwani miaka ya 1950 na 60, na miaka ya 80 ndipo akajaa na kuwapunguza sana furu, vile visamaki vidogo vya ziwani. Mimi nilikuwa nasoma darasa la nne, nyumbani tulikula furu na ningu, sangara alipoanza kuonekana sokoni bibi alimkataa, akasema samaki gani ananenepa hivi.

Chumvi Kidogo
Turudi kwenye pishi, maana ndilo lililoulizwa. Kamongo ukimpika bila kumtoa ute umekwisha. Mmwagie maji ya moto, mkwangue kwa kisu, ngozi ivuliwe. Mchemshe na ndimu, tangawizi na chumvi, na yale maji ya kwanza mwaga. Mchambue. Ponda viazi mviringo vilivyoiva vikiwa bado vya moto, changanya na samaki, kitunguu kilichokatwa kidogo sana, kitunguu saumu, majani ya giligilani na pilipili hoho. Finyanga. Ukiminya kwenye kiganja isipasuke pembeni ndiyo tayari, ikipasuka ongeza kiazi. Chovya kwenye yai, gaagaza kwenye chenga za mkate, mafuta yawe mengi na ya moto. Usiweke nyingi kwa mara moja, zinanyonya mafuta.

Ngosha wa Buzuruga
Chumvi Kidogo ubarikiwe! Swali moja tu: mtu aliyezoea sangara akila hizo atajua?

Binti Musoma
Samahani kaka, nimesoma tangu juu. Hili la "atajua" limenikaa vibaya. Kamongo ni chakula cha watu, wengi tu wanampenda. Kwa nini wageni wako wasijue wanachokula? Ni akina nani hao?

Ngosha wa Buzuruga
Ni wageni wa heshima tu dada.

Binti Musoma
Wa heshima kivipi?

Ngosha wa Buzuruga
Ni wazazi wa mchumba wangu na ndugu zao. Wanakuja kunifahamu rasmi.

Binti Musoma
Wanatoka Mara. Wanasali wapi?

Ngosha wa Buzuruga
Hilo lina uhusiano gani na katlesi?

Binti Musoma
Kaka, jibu.

Ngosha wa Buzuruga
Ni Wasabato.

Mjukuu wa Ukerewe
MAMAAAA. Nimeacha ugali jikoni, ngoja niutoe nije nikae vizuri.

Mama Wawili Nyegezi
Yesu wangu. Mwanangu unataka kuwalisha Wasabato kamongo? Wakwe? Siku ya kwanza?

Mhubiri wa Igoma
Mambo ya Walawi 11, kuanzia mstari wa 9, na Kumbukumbu la Torati 14. Samaki asiye na mapezi na magamba ni najisi kwao. Wewe unaweza usiamini hivyo, na mimi pia si dhehebu langu, lakini kumlisha mtu kwa hila kitu ambacho imani yake imemkataza ni kumdhulumu nafsi yake. Kijana, ndoa haijengwi juu ya sufuria ya uongo.

Ngosha wa Buzuruga
Nilijua mtanishukia ndiyo maana sikusema. Lakini nisikilizeni. Kwanza, kamongo ANA magamba. Nimefuatilia. Ni madogo na yamezama ndani ya ngozi, lakini yapo, na mapezi anayo, yale marefu kama kamba. Kwa hiyo kiufundi sijavunja andiko lolote. Pili, nimeshawaambia kwenye simu kwamba watakula katlesi za sangara, mama mkwe akafurahi sana. Siwezi kubadilisha menyu. Tatu, hela yangu imekwama ndani ya huyo kamongo.

Binti Musoma
Kama ana magamba, mbona unamchuna ngozi kabla hawajafika?

Chumvi Kidogo
Hapo kwa Binti Musoma nimesimama kabisa na kukaa tena. Na pishi langu nalirudisha, sikujua linaenda kwenye kesi.

Mvuvi Mstaafu
Magamba yapo kweli, nimemkwangua mara nyingi. Ila mzee wa kanisa hatakwangua, ataangalia. Na kamongo kwa macho ni nyoka mwenye mashavu. Hata kwa Waganda kule ng'ambo ya ziwa, zamani wanawake hawakumla, na hao hawakuwa Wasabato.

Mjukuu wa Ukerewe
Mchumba anajua?

Ngosha wa Buzuruga
Anajua ni sangara. Yeye hapiti kwenye friza ya jirani.

Ticha wa Pasiansi
Kijana, kwa hiyo unaanza na mke vilevile.

Kitochi cha Mabatini
Wakuu mnajadili kwa hisia sana. Mimi nimekaa kimya nasoma. Hii ni CHAI, tena ya rangi.

Rudini bandiko la kwanza. Amesema wageni wanaingia Jumamosi asubuhi na basi la Musoma, mchana wanakula. Haya, niambieni ni Msabato gani, tena mzee wa kwenda kumkagua mkwe, anapanda basi Jumamosi asubuhi kufuata katlesi Mwanza? Sabato inaanza Ijumaa jua linapozama mpaka Jumamosi jua linapozama. Saa hizo yupo kanisani. Mtunzi alijua samaki, akasahau kalenda.

Mjukuu wa Ukerewe
Aiseee. Kitochi umemulika mpaka uvunguni.

Chumvi Kidogo
Na mimi nilikuwa najiuliza, kamongo wawili wanaenea kwenye gunia, ikapatikana minofu ya watu kumi na wawili? Hao walikuwa kamongo au mamba?

Mzee wa Mwaloni
Hilo linawezekana, kamongo anakua sana. Usiwapinge kamongo, mpinge mleta uzi.

Kitochi cha Mabatini
Picha. Bila picha ni chai.

Ngosha wa Buzuruga
*[picha]*
Hiyo hapo friza. Mmeridhika?

Kitochi cha Mabatini
Naona chupa za soda na barafu za mifuko. Kamongo yuko wapi?

Ngosha wa Buzuruga
Yuko chini, kwenye mfuko mweusi. Jirani anauza soda, siwezi kupanga friza ya mtu kwa ajili yenu.

Na habari ya basi: wanafika Alhamisi, wanafikia kwa shangazi yao hapa mjini. Jumamosi wanashinda kanisani, wakitoka ndiyo wanakuja kwangu. Basi la Jumamosi nililiweka mimi, sikutaka kuanza kueleza mambo ya kanisa maana mngeuliza yote haya mliyouliza.

Kitochi cha Mabatini
Kwa hiyo basi umelitunga kwa mdomo wako. Sasa tukuamini kwenye kamongo kwa dhamana gani?

Binti Musoma
Mimi namwamini. Mtu anayetunga hadithi anajipa sura nzuri, huyu kila akieleza anazidi kuharibikiwa.

Kaka, nimekulia kwenye nyumba ya Wasabato, sikiliza. Wakitoka kanisani Jumamosi chakula kiwe kimeshapikwa Ijumaa, maana siku ya maandalio ndiyo siku ya kupika. Mama mkwe akiingia akute unakaanga katlesi mchana wa Sabato, hata zingekuwa za sangara wa dhahabu, umeshajieleza. Kaanga Ijumaa kabla ya jua kuzama, Mwanza ni kwenye saa moja kasoro hivi, zikipoa hifadhi. Chai ya majani usitenge, weka mchaichai au maziwa. Chakula kisizidi ukali, wazee wengine hawapendi pilipili manga. Na ukitaka kumfurahisha mama wa Mara kuliko katlesi zote hizo, mpikie samaki mzima, kichwa na mkia, ajionee magamba yalipokuwa.

Mama Wawili Nyegezi
Nyongeza: Ijumaa hiyohiyo, jua halijazama, chemsha nsansa, yale majani ya kunde yaliyokaushwa, uziunge na karanga. Zikilala zinakuwa tamu zaidi. Na matobolwa, vile viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa, ya kutafuna wakati wanasubiri kunawa. Hapo hata samaki akiwa mdogo hakuna atakayehesabu. Binti Musoma amekwambia vizuri kuhusu sato mzima: mpige mikato mitatu kila upande, mpake ndimu, chumvi na kitunguu saumu, mwache atulie. Mafuta yakiwa hayajachemka sawasawa atanata na ngozi itabaki kwenye kikaango. Na ukishamweka, mwache! Atajiachia mwenyewe akiiva.

Ngosha wa Buzuruga
Nimewaelewa. Lakini je, nikichanganya? Katlesi nusu sangara, nusu kamongo. Si kutakuwa na magamba ya kutosha kwa wastani?

Mhubiri wa Igoma
Bwana akurehemu.

Mjukuu wa Ukerewe
KWA WASTANI!! Jamani nishikeni.

Mzee wa Mwaloni
Kijana, wacha hesabu. Kamongo ana watu wake na wanamtafuta hasa huu msimu, wengine wanamtaka wa kubanika. Mtoe kwenye friza usiku, kesho mlete Mwaloni. Tutampima mbele yako, utaongeza kidogo, utaondoka na sangara wa katlesi na sato wachache wa kukaanga. Deni lako la Magu litakuwa limelipwa kwa samaki mwenye magamba yanayoonekana.

Ngosha wa Buzuruga
Mzee, unafungua saa ngapi? Na mtanipunja?

Mzee wa Mwaloni
Saa kumi na moja alfajiri watu wamejaa. Njoo na ndoo yenye mfuniko, daladala hawatakupakia na kile kinachovuja. Kupunjwa ni lazima, ila kidogo.

Kitochi cha Mabatini
Mzee wa Mwaloni, akitokea kweli tupe taarifa hapa. Nataka kujua kama kamongo yupo.

Mzee wa Mwaloni
Akitokea na kamongo mzuri, nitanunua kwanza. Taarifa mtapata nikishauza.