Nirudi kwa Mungu na uso gani, wakati alishanipa?

Mama wa Buhene
Bwana asifiwe wapendwa. Niko Goma, nauza sambaza, wale samaki wadogo wa Ziwa Kivu. Swali hili kanisani naona haya kuliuliza, maana mimi ndiye ninayeongoza maombi ya bamama siku ya Jumatano.

Usiku wa 22 Mei 2021, volkano ya Nyiragongo ilipolipuka, nilikuwa nyumbani na watoto wanne, baba yao hayupo. Tukikimbia niliomba jambo moja tu: wanne, asipotee hata mmoja. Kulipokucha nikawahesabu, wanne. Nyumba ya mbao iliungua, wala sikuililia.

Sasa mtaji umekwisha. Alfajiri pale sokoni Kituku nachukua beseni la samaki kwa deni, jioni nalipa, kinachobaki ni bei ya unga. Likelemba yetu, ule mchango wa kupeana kwa zamu, zamu yangu bado iko mbali. Dola mia moja zingenisimamisha. Lakini nikipiga magoti nashukuru, naombea wagonjwa, naombea amani, halafu Amina. Zile mia hazitoki mdomoni. Ni kama butiki ya jirani: ukiwa na deni la sukari unapita njia ya nyuma mpaka ulipe. Mimi Mungu nilimkopa watoto wanne. Nirudi na uso gani?

Kijana wa Ndosho
Mama, acha unyonge! Tamka kwa mamlaka, iamuru hiyo mia iwe elfu. Panda na mbegu, yaani toa sadaka, hata dola kumi, utaona.

Mzee wa Katindo
Kijana, taratibu. Mama anasema hana mtaji, wewe unamtoa kumi. Na huyo unayetaka aamuriwe ni Baba, si boi wa nyumbani.

Mama, fungua Yakobo 1:5: Mungu "awapaye wote, kwa ukarimu, wala hakemei". Shika hilo la mwisho. Mwenye butiki ndiye anayekemea: "Na ile ya juzi?" Najua Yakobo pale anasema juu ya kuomba hekima, lakini mkono unaotoa ni uleule.

Halafu 2 Wafalme 4. Mjane ana deni, mwenye kudai anakuja kuchukua wanawe wawili wawe watumwa. Ndani hana kitu ila chupa ya mafuta. Elisha anamtuma akaazime vyombo kwa majirani, "wala usitake vichache". Mafuta yalikoma vyombo vilipokwisha. Sisi tunaopanga bidoni za njano kwenye foleni ya maji tunaielewa hiyo: mtu mwenye haya kama wewe angekwenda na kimoja cha lita tano, akarudi nacho, akisema Mungu amempimia kidogo! Tena angalia mwisho wake. Nabii anamwambia auze mafuta, alipe deni, yanayobaki ale na wanawe. Yaani Mungu aliingia mpaka kwenye hesabu za deni la mama mmoja, na wewe unaogopa kumtajia beseni la sambaza.

Zamani kuhani mkuu aliingia Patakatifu pa Patakatifu siku moja tu kwa mwaka. Waebrania 4:16 inatuita tukikaribie kiti cha neema kwa ujasiri. Wewe unafika mlangoni unasema Amina.

Dada wa Himbi
Papa wa Katindo amesema vizuri, ila niongeze upande wangu. Mimi niliomba kwa ujasiri wote juu ya mume wangu, akafa. Mtu asimwambie Mama kwamba akikosa ni imani haba. Paulo aliomba mara tatu mwiba uondoke, haukuondoka. Miezi mingi nilimletea Mungu hasira tu, na hiyo pia naihesabu kuwa ujasiri, maana sikupita njia ya nyuma. Mama, omba.

Mama wa Buhene
Asante Papa. Dada, pole sana, nimekusoma mara mbili.

Jana usiku nilizitaja. Nilianza na mia, nikakumbuka zile bidoni, nikasema mia na hamsini. Nikacheka peke yangu gizani. Yule mdogo akaamka, akauliza nacheka na nani, nikamwambia lala.

Hazijafika. Leo beseni nimelichukua kwa deni kama kawaida, sambaza walikuwa wadogo lakini wameisha kabla ya saa sita. Jumatano nitawaambia bamama kila mmoja ataje shida yake kwa jina na kwa bei.