Wote wana vilemba, mbona mmoja gilasi yake iko ukutani?

KijanaWaMbinga:
Wakuu, nasoma Punjab, India, huu mwaka wa tatu. Nyumbani Kalasinga niliyemjua ni mmoja tu, wa gereji. Huku nikaambiwa dini yao, Usikh, haina tabaka: wanaume wote Singh, wanawake Kaur, na kwenye gurudwara, nyumba yao ya ibada, mnakaa chini mstari mmoja mnakula dengu na chapati bure. Hizo chapati nimezila sana, tusidanganyane, hasa hela ya nyumbani ikichelewa.

Juzi mwenzangu wa chumbani akanipeleka kijijini kwao, upande wa Tarn Taran. Kilemba anacho, bangili ya chuma anayo. Lakini kwao wanaishi pembezoni, wana kigurudwara chao, na hata pa kuchomea maiti pao peke yao. Tukampelekea baba yake chakula shambani kwa tajiri. Chai ikaja. Mimi mgeni nikapewa kikombe na kisosi. Mzee akainuka, akachomoa gilasi ya bati kwenye tundu la ukuta wa banda la pampu, akaisuuza mwenyewe, akaikinga. Tajiri akamimina kutokea juu, birika lisiguse.

Njiani rafiki yangu alisema neno moja: "Mazhabi." Ndiyo nini? Na sheria yao inasemaje?

FundiKariobangi:
Boss, nimefanya kazi kwa Sikh hapa Nairobi miaka kumi na moja. Huku wengi ni Ramgarhia, maseremala na wahunzi, babu zao walikuja na reli. Hata hao, Jat wenye mashamba huwaona wadogo. Sasa Mazhabi wako chini zaidi, asili yao watu wa kufagia na kuzoa vinyesi walioingia Usikh. Mzee wangu wa karakana binti yake alipoposwa, kabla ya kuuliza kijana ana kazi gani, aliuliza jina la ukoo.

MamaSheria:
Kisheria wanatambuliwa, mwanangu. Amri ya 1950 ya tabaka zinazotengewa nafasi masomoni na kazini ilikuwa ya Wahindu. Kwa Masikh ziliingizwa nne tu: Mazhabi, Ramdasia, Kabirpanthi na Sikligar. Mwaka 1956 ndipo mlango ukafunguliwa kwa Masikh wote wa tabaka hizo. Wabudha wakasubiri hadi 1990. Wakristo na Waislamu bado wako nje, kwa hiyo Mazhabi akibatizwa Mkristo, cheti cha tabaka kinakwenda. Ndiyo maana wapo wanaosali kanisani na kwenye karatasi wamebaki Masikh.

Punjab watu wa tabaka hizi ni karibu asilimia 32 kwa sensa ya 2011, hakuna jimbo linaloifikia. Mwaka 1975 serikali ya jimbo iliwapa Mazhabi na Balmiki, wenzao wa Kihindu wa kazi ileile ya kufagia, kipaumbele kwa nusu ya nafasi hizo, maana wenzao waliotangulia shule walikuwa wanazimaliza. Kesi zikapanda na kushuka hadi Agosti 2024, majaji sita dhidi ya mmoja wa Mahakama ya Juu wakasema kuzigawa hivyo ni halali.

Balaa liko kwenye ardhi. Theluthi ya mashamba ya pamoja ya kijiji hukodishwa kwa mnada kwa watu hawa peke yao. Sasa tajiri humtuma kibarua wake mnadani: jina la kibarua, hela ya tajiri, ngano ya tajiri.

KijanaWaMbinga:
Asante mama. Kumbe ndiyo ile karatasi mwenzangu anayoificha chini ya godoro, ndani ya bahasha ya eksirei! Ada inalipwa kwa hiyo, lakini siku ya uhakiki aliniomba nimpelekee mimi, watu wa darasa wasimwone kwenye foleni ile.

Ukutani amebandika picha ya Bhai Jaita, mtu wa tabaka lao, aliyekibeba kichwa cha Guru Tegh Bahadur, kiongozi wa dini yao aliyekatwa kichwa, kutoka Delhi hadi Anandpur mwaka 1675. Wenzetu wakiingia chumbani huikunjia mikono picha ile kwa heshima. Kisha wanakaa kitandani na kumuuliza: Singh, lakini Singh nani?

"Singh tu," anajibu, anaendelea kufunga kilemba.