Wifi hakutoa hata chozi kwenye msiba wa kaka yetu, naombeni ushauri

Dada Mkubwa: Wakuu habari zenu, naombeni mnisaidie maana usingizi sipati kabisa. Tumemzika kaka yetu wiki tatu zilizopita, ameacha mke na watoto wawili. Sasa huyu wifi yetu toka mwili unaletwa mpaka tunafukia hakutoa hata chozi, sisi tunagaragara chini yeye kakaa kanyooka kama mgeni, na jioni ile ile tulivyorudi kutoka makaburini nikamkuta chumbani anakunja mashati ya marehemu, anafunga kifungo kimoja kimoja mpaka cha shingoni. Niambieni, huyo ana uchungu kweli? Familia inataka kukaa kikao kuhusu nyumba na watoto. Tuanzie wapi?

Mzee wa Vifungu: Poleni. Ndoa ilikuwa na cheti? Nyumba ina jina la nani? Msiguse kitu kabla mirathi haijafunguliwa.

Kapteni J: Pole sana dada. Mzee wangu alipofariki mimi sikulia, nilikuwa napanga viti na kupokea wageni, watu wakasema nina roho ngumu. Miezi minane baadae nikakuta miwani yake ndani ya gari, nililia pembeni ya barabara mpaka trafiki akaja kuniuliza kama nimegonga mtu.

Binti Sauda: Mleta mada kuna kitu unakizunguka. Wifi ni kabila lenu?

Dada Mkubwa: Hapana sio wa kwetu. Lakini msinigeuzie kibao, mimi sio mkabila, rafiki yangu mkubwa toka shule ni kabila lingine. Ila wale ndivyo walivyo, wale hata kwenye raha huwaoni wakicheka, mama alimkataza kaka toka mwanzo asioe kwa wale hakusikia. Na watoto tunaogopa watakua bila utu wakilelewa kwa mila za wale.

Binti Sauda: "Wale" mara nne kwenye post moja. Ameishi kwenu miaka mingapi, na uliwahi kumuuliza kwao wanaomboleza vipi?

Dada Mkubwa: Miaka tisa. Kumuuliza sijamuuliza, mwanamke anafuata mila za alikoolewa.

Chumvi Nyingi: Mawifi nyie, angelia mngesema anaigiza 😂

Mwalimu wa Zamu: Dada ngoja nikwambie ukweli bila kukuficha. Msomi mmoja wa Marekani, William Graham Sumner, aliielezea hii tabia mwaka 1906, mtu anaweka watu wake katikati ya dunia halafu binadamu wengine wote anawapima kwa kipimo cha kwao. Kipimo chako wewe ni chozi. Kule Bali, Indonesia, watu wanajitahidi sana kujizuia kulia msibani, wanaamini machozi yanamzuia marehemu kwenye safari yake, sasa wakija msibani kwenu wote mtawaita wachawi? Ila kinachonitisha zaidi ni hao watoto. Australia serikali ilichukua watoto wengi wa wenyeji wa asili kutoka mikononi mwa mama zao, miaka na miaka, kwa hoja inayofanana na yako kabisa, kwamba wakikulia kwenye mila za mama zao wataharibika. Februari 2008 waziri mkuu Kevin Rudd akasimama bungeni kuomba radhi, na baadhi ya waliokuwa wanamsikiliza ndio hao hao watoto, wameshakuwa watu wazima, wanalia. Radhi ile haikumrudishia mtu utoto wake.

Mtumishi: Tumuogope Mungu ndugu zangu. Rwanda 1994 wameuawa watu zaidi ya 800,000 ndani ya siku 100, na kabla ya mapanga yalitangulia maneno, redio inawaita binadamu wenzao mende. Wewe umeshaandika watoto "watakua bila utu". Soma tena ulichoandika.

Jicho la Tatu: Wakuu mnatoka povu bure, hii ni chai. ID imefunguliwa jana, swali la nyumba kaulizwa mwanzo kabisa kalikwepa, na hayo mashati na vifungo ni tamthilia tupu. Mtu anatunga hadithi agombanishe makabila humu.

Chumvi Nyingi: Nami nilihisi 😂 Mods ufungeni huu uzi.

Dada Mkubwa: Natamani ingekuwa chai. ID nimefungua jana kwa sababu ile ya zamani ndugu zangu wanaijua. Na nyumba sikujibu kwa sababu jibu nalijua, ina majina yao wote wawili. Tumeshabadilisha vitasa toka Jumamosi, kikao ni cha kubariki tu. Yeye na watoto wamejihifadhi kwa rafiki yake. Lakini tumefanya vile kulinda mali ya watoto, akiuza akaondoka kwao tutamfuata wapi?

Mzee wa Vifungu: Kumbe! Fungueni leo leo. Hiyo nyumba ni yake pia, mkifika mahakamani huyo mnayemwita mgeni atawashinda asubuhi tu.

Jicho la Tatu: Kama ni kweli basi naomba radhi kwa hilo la chai, ila mmekosea sana.

Kapteni J: Mahakama tuiweke pembeni kwanza. Siku mnamtoa alisema nini?

Dada Mkubwa: Hakusema kitu. Aliomba shati moja tu la marehemu, la bluu. Nikamkatalia, nikamwambia utalipeleka wapi na hata kumlilia hukumlilia.

Binti Sauda: Unalo hilo shati?

Dada Mkubwa: Ninalo, liko hapa kitandani. Bado limefungwa vifungo vyote kama alivyoliacha.

Binti Sauda: Mpelekee leo, pamoja na funguo. Halafu kaa chini umuulize lile swali la miaka tisa.

Dada Mkubwa: Mama hatakubali.

Kapteni J: Nenda peke yako.