Naomba ushauri: tasnifu kuhusu chama cha mabaharia wa Kichina Hong Kong

Kinda wa Nyaraka: Wakuu, habari zenu. Naandika tasnifu ya uzamili kuhusu jinsi serikali ya kikoloni ya Uingereza ilivyokibana chama cha mabaharia wa Kichina Hong Kong, kilichoanzishwa 1921. Januari 1922 waligoma kudai nyongeza ya mshahara. Februari mosi Gavana Stubbs akakipiga marufuku, polisi wakaenda kung'oa kibao cha ofisi yao. Shida yangu ni kwamba karibu kila karatasi niliyo nayo iliandikwa na serikali, na humo mabaharia wanasomeka kama watu waliorubuniwa na wachochezi. Nifanyeje sauti yao isikike?

Mzee wa Gati: Mdogo wangu, usizikimbie hizo karatasi. Zisome ukijiuliza hawa wakubwa walikuwa wanaogopa nini. Februari 28 walipitisha sheria ya dharura siku hiyohiyo moja, ikampa gavana na baraza lake mamlaka ya kutunga kanuni karibu zozote. Nani hutunga sheria ya namna hiyo kwa ajili ya wahuni wachache?

Halafu kifuate kile kibao. Nyongeza ya asilimia 15 hadi 30 ilikubaliwa, lakini kwa mabaharia hiyo haikutosha: walitaka chama kitambuliwe na kibao kirudi mahali pake. Kikarudishwa Machi, umati ukishangilia. Hapo wanasema wenyewe, bila karani wa serikali kuwasemea.

Bi Kizimbani: Naunga mkono, ila nakusihi usianze na gavana. Anza na wakala wa ajira. Baharia alipata meli kupitia kwake, naye akajikatia fungu kwenye mshahara. Viongozi kama Su Zhaozheng walikuwa mabaharia, waliyajua hayo kwa kuyaishi.

Na wagomaji waliouawa Sha Tin, hukohuko Hong Kong, tafadhali usiwaweke kwenye tanbihi. Treni zilisimamishwa, wakaamua kwenda mji wa Guangzhou, China bara, kwa miguu, wakapigwa risasi njiani. Wape kurasa zao.

Kinda wa Nyaraka: Asanteni sana. Je, niishie 1922?

Mzee wa Gati: Hapana, fika 1927. Baada ya mgomo mkubwa wa 1925–26 ilitungwa sheria ya kuharamisha migomo ya kuishinikiza serikali. Ile ya dharura nayo haikufutwa. Oktoba 2019 ilitumika Hong Kong kupiga marufuku barakoa kwenye maandamano. Mwulize msimamizi wako kama hilo linaingia kwenye hitimisho. Mimi ningeliingiza.