Tupeane uzoefu: daktari aliyeitibu nyumba nzima

Ndugu wanajamvi,

Hivi karibuni tulimzika daktari aliyeitibu familia yetu tangu enzi za babu. Wasifu uliosomwa kanisani ulitaja shule, vyeti na vituo vya kazi, lakini pale chini ya turubai, watu walipokuwa wakisubiri chakula, ndipo yalipotoka mambo ambayo hakuna aliyeyaandika popote, nami nikaona ni hasara yakipotea. Naomba basi tupeane uzoefu kuhusu madaktari wa namna hii, wale waliomjua bibi, mama na mtoto kwa pamoja. Majina tusiyataje, kwa kuwa wameacha wajane na wajukuu. Sifa za jumla nazo tuziache, maana kila marehemu alikuwa mpole na mcheshi. Tueleze alifanya nini.

Nianze mimi, wa Morogoro. Wetu alikuwa na chumba chake cha tiba mjini hadi mwaka 1977, sheria ilipopiga marufuku utoaji wa tiba binafsi kwa faida. Wapo wenzake waliofungasha na kuondoka nchini. Yeye aliajiriwa serikalini, na jioni akawa jirani tu, ila jirani ambaye barazani kwake hapakosekani mtoto mwenye homa. Hakutoza hata senti. Baba alikuwa akimpelekea mkungu wa ndizi, naye aliupokea kwa sharti kwamba usihesabiwe kuwa malipo. Sheria iliporekebishwa mwaka 1991 alifungua tena, na wagonjwa wake wa zamani wakamfuata.

Ninachokikumbuka zaidi ni klorokwini, dawa ya malaria ya enzi hizo. Waliokulia miaka ya themanini na tisini watanielewa: kuna sisi ambao vidonge vile vilituwasha mwili mzima, viganja na nyayo, usiku kucha, hata tukajifunza kuvificha chini ya ulimi na kuvitema uani. Wazazi walituita wakaidi. Yeye alinifanya nimeze mbele yake, akaniambia ninyanyue ulimi, kisha akamgeukia mama na kumweleza kwamba mwasho ule ni wa kweli, unawapata watu wengi wa kwetu, na kwamba mtoto anayetema dawa hatapona hata akichapwa. Akaandika kwenye daftari langu kwamba dawa hiyo inaniwasha, na tangu hapo akawa ananipa nyingine. Tanzania Bara iliiondoa klorokwini kuwa dawa ya kwanza ya malaria mwaka 2001, kwa kuwa vimelea vilikuwa vimeizoea, na dawa mseto ikaja mwaka 2006. Mimi nilikuwa nimeshasamehewa mapema.

Karibuni.

*Kutoka Mombasa*

Asante, ndugu mleta mada. Wetu alikuwa mwanamke, na mtaa mzima wa Mji wa Kale ulimwita Mama Daktari. Bibi yangu, Mungu amrehemu, alikuwa na sukari na shinikizo la damu kwa pamoja, na vidonge vyake vilikuwa vingi kiasi cha kumchanganya hata msomi. Bibi hakujua herufi za Kizungu, lakini alisoma Kiswahili kwa khati za Kiarabu kama wazee wengi wa pwani. Basi Mama Daktari alivigawa vidonge katika vibahasha vya karatasi, na juu ya kila kibahasha akaandika kwa khati hizo: asubuhi, baada ya chakula, wakati wa kulala. Bibi alivipanga kitandani kwake akavisoma mwenyewe, bila kumsubiri mjukuu arudi skuli.

Kila Shaabani, mwezi unaotangulia Ramadhani, ilipoingia, Mama Daktari alimwita bibi. Alimwambia wazi kwamba mtu mwenye hali yake ana ruhusa ya kutofunga, na bibi alikataa wazi vilevile. Mama Daktari hakugombana naye. Alipanga dawa upya, nyingine wakati wa kufuturu na nyingine wakati wa daku, akapunguza kipimo cha ile inayoshusha sukari kwa kasi, na akamwapisha kwamba akiona jasho la baridi na kutetemeka atafungua hapo hapo. Nadhani hakuna hospitali kubwa ambayo ingempa nafasi ya mazungumzo kama yale.

*Kutoka Moshi*

Naomba niseme jambo ambalo huenda halitawapendeza wote. Kupendwa sana kwa daktari kuna hatari yake, kwa sababu familia hukataa kumpeleka mgonjwa kwingine. Kaka yangu alipougua tumbo, wazee walisisitiza atibiwe hapo hapo kwa "daktari wetu". Ni yeye mwenyewe aliyemminya upande wa kulia chini, akaachia mkono ghafla, akamwona anavyoruka kwa maumivu, akasema kazi yake imeishia hapo. Alimpakia kwenye gari lake hadi hospitali kubwa ya KCMC, nako akafanyiwa upasuaji wa kidole tumbo usiku uleule. Kwangu mimi, hiyo ndiyo siku aliyotutibu vizuri kuliko zote.

*Kutoka Tanga*

Mimi nilikuwa muuguzi katika zahanati ya daktari wa aina mnayoieleza. Kabati lake halikupangwa kwa jina la mgonjwa bali kwa nyumba, kila nyumba na jalada lake. Mtoto akiletwa na kikohozi kisichoisha, tulitoa jalada zima, na daktari akaona papo hapo kwamba mjomba anayelala naye chumba kimoja yuko kwenye dawa za kifua kikuu. Mahali pengine mtoto huyo angepewa dawa ya maji ya kikohozi na kurudishwa nyumbani. Dawa zisizopatana na mgonjwa aliziandika kwa wino mwekundu juu ya jalada, na ole wake muuguzi ambaye angechoma sindano bila kuutazama wino huo.

*Mleta mada*

Dada wa Tanga, nina swali. Majalada hayo yaliishia wapi alipofariki?

*Kutoka Tanga*

Wanawe walilifunga kabati kwa muda, wakiogopa siri za watu zisije zikasomwa sokoni. Baadaye waliniomba nisaidie kuzipigia simu familia moja moja zije zichukue jalada lao kwa mkono, na yale ambayo hayakupata mwenyewe tukayachoma moto nyuma ya zahanati, daftari kwa daftari. Mama mmoja alilibeba la kwake hadi hospitali ya mkoa mwanawe alipougua, na daktari kijana, ambaye tayari alikuwa ameshaandika sindano ya penisilini, alipoona wino mwekundu akaukata mstari ule na kuandika dawa nyingine.