Bastola: niagize mtandaoni ama niende dukani?

Wa Kongowea

Salaam wadau. N'na swali na naomba mnijibu kwa uzito wake. Mimi nauza nafaka kwa jumla pale soko la Kongowea, nafunga usiku, mauzo ya siku yako mkononi na nyumbani ni mbali, huko Mtwapa. Duka la jirani yangu liliingiliwa wenyewe wakiwa ndani wahesabu pesa, na tangu siku hiyo mke wangu halali mpaka asikie mimi nafungua geti. Basi nikaanza kuomba leseni ya silaha, fomu nshapeleka, sasa nasubiri kuitwa.

Hapa ndipo nachanganyikiwa. Ndugu yangu yuko Texas, aniambia Marekani watu wanunua bastola kwa intaneti kama wanunuavyo viatu, aina tele na bei nafuu, ati dukani ni kupigwa bei tu. Nami nikatafuta nikaangukia chaneli moja mtandaoni yauza bastola aina ya Glock 19, wameandika kabisa "tunaleta mpaka Mombasa", 80,000, nusu unatuma kwa M-Pesa nusu ukishapokea. Nikapigia duka moja la Nairobi lenye leseni, bei waliyonitajia ni mara kadhaa ya hiyo.

Swali langu ni hili, mtu akishapata cheti chake halali aweza kuagiza mtandaoni ama ni lazima aende dukani? Na tofauti ni nini zaidi ya bei? Wenye uzoefu tafadhali.

Mzee wa Ganjoni

Waalaykum salaam kijana wangu. Hiyo chaneli toka leo leo, usiwajibu hata salamu, nami nakueleza kwa nini.

Sheria yetu ya silaha, ile Cap 114, jambo la kwanza inalouliza ni una karatasi gani pale chuma kinapoingia mkononi mwako. Cheti chatangulia, bastola yafuata. Na cheti chenyewe si cha jumla jumla, chaandikwa silaha ya aina gani na risasi ngapi waruhusiwa kuwa nazo kwa wakati mmoja. Muuzaji aliyesajiliwa haruhusiwi kukuuzia kabla hujamwonyesha hiyo karatasi, na akikuuzia ni lazima aingize kwenye daftari lake, silaha gani, amempa nani, kwa cheti kipi. Kwa hivyo ukisimamishwa na askari usiku pale Nyali Bridge, atasoma nambari iliyochongwa kwenye chuma, ataangalia cheti, mtaagana kwa heri.

Sasa ile ya mtandaoni, tuseme hata imekuja kweli, ile nambari yake wajua ilitoka wapi? Yawezekana ameporwa askari. Yawezekana ishaua mtu Eastleigh ama Garissa nawe huna habari. Utakuwa una cheti mfukoni na bado wapelekwa ndani, kwa sababu cheti chako hakikitambui chuma hicho, na sheria ya kukamatwa na silaha isiyo na karatasi ni jela ya miaka, si jambo la kulipa faini ukarudi sokoni.

Mimi nimekuwa na silaha tangu zamani na nilipita ule msasa mkubwa, Disemba 2018 Matiang'i, waziri wa usalama wa ndani wakati huo, alipoamuru kila raia mwenye silaha akakaguliwe upya, tukapewa mpaka Machi 2019. Walitaka kuona kila kitu. Karatasi za duka nilizokuwa nimezihifadhi, manjano zimeshaiva, ndizo nilizoziweka mezani. Mtu aliyenunua kwa njia za kona kona pale angeweka nini?

Halafu kuna hili ambalo picha ya simu haiwezi kukupa kabisa, nalo ni mkono wako mwenyewe. Bastola yachaguliwa kwa kushikwa. Kuna mtu mwenye kiganja kidogo, akishika bastola nene kidole chafika kwenye triga kwa ncha tu, akivuta mtutu waenda pembeni, huyo afadhali yenye mpini mwembamba. Kuna mwingine mikono mikubwa, ukimpa Glock 26, ile fupi, kidole cha mwisho hakina pa kukaa. Kuna watu, hasa wazee kama mimi, kile kipande cha juu hawawezi kukivuta nyuma sawasawa kwa sababu springi ni ngumu. Tena Glock haina ile swichi ya kidole gumba ya kufunga, usalama wake uko ndani na kwenye triga yenyewe, mtu ambaye hajazoea hilo akiichomeka kiunoni bila ala nzuri atajipiga paja. CZ 75 ile ya Czech ni chuma tupu, nzito, lakini yatulia mkononi. Haya yote utayajua umesimama kwenye kaunta, bastola tupu, muuzaji mbele yako akikuelekeza, na ukiweza waenda uwanja wa shabaha ufyatue kabla hujalipa.

Dukani ndipo utakaporudi springi ikichoka, dukani ndipo utakapopata risasi halali. Hao wa chaneli utawarudia wapi?

Kaka wa Tudor

Naongezea upande wa Marekani kwa sababu nimekaa Columbus, Ohio, na hii hadithi ya "wananunua kama viatu" naisikia kila nikirudi na inapoteza watu.

Ni kweli tovuti ziko, GunBroker kwa mfano watu wauza na kununua kwa mnada, walipa kwa kadi. Lakini bastola haiji mlangoni kwako na jamaa wa vifurushi. Ukinunua kwa mtu wa jimbo lingine, sheria ya nchi nzima yasema lazima itumwe kwa muuzaji mwenye leseni ya serikali kuu katika jimbo unaloishi wewe, wenyewe wamwita FFL. Waenda pale dukani kwake, wajaza fomu 4473, waulizwa kama una kesi, kama watumia dawa za kulevya, kama wajinunulia mwenyewe au wamnunulia mtu, kisha jina lako lapelekwa kwenye mfumo wa ukaguzi wa FBI, NICS, ambao umekuwa ukifanya kazi tangu 1998. Ikikubaliwa ndiyo unapewa, na huyo mwenye duka unamlipa ada yake ya kupokea. Bastola kwa muuzaji mwenye leseni ni miaka 21 kwenda juu. Kwa hivyo hata huko mtandao ni mahali pa kuchagua na kulipa tu, makabidhiano ni kwenye kaunta.

Zamani haikuwa hivyo. Yule Lee Harvey Oswald aliyempiga risasi Rais Kennedy 1963, bunduki aliiagiza kwa posta kutoka duka moja la Chicago, kwa jina la uongo, dola ishirini na kitu hivi pamoja na usafirishaji, ikamfikia. Kifo hicho, na cha Martin Luther King na Robert Kennedy 1968, ndivyo vilivyosukuma ile sheria ya 1968 iliyofunga mlango wa kuagiza silaha kwa posta kutoka jimbo hadi jimbo. Wamarekani wenyewe na mapenzi yao yote ya bunduki waliona hilo haliwezekani, seuze sisi.

Kuna mwanya nikiri uko, raia kwa raia ndani ya jimbo moja, sheria ya nchi nzima haiwalazimishi ukaguzi, majimbo mengine yamelazimisha mengine bado. Na mwanya huo wabishaniwa huko kila mwaka. Facebook wenyewe walipiga marufuku watu binafsi kuuziana silaha mwaka 2016. Kwa hivyo ukiona mtu auza Glock kwenye chaneli, jiulize kwa nini yuko huko.

Na tafadhali sana usimwambie ndugu yako wa Texas akununulie akutumie. Kumnunulia mtu huku umeandika kwenye fomu kwamba ni yako ni kosa kubwa, na kutoa bastola Marekani bila leseni ya kusafirisha nje ni kosa jingine juu yake. Utamfunga ndugu yako kwa kumwonea huruma bei.

Bandari Kilindini

Mimi ni wakala wa forodha, kwa hiyo niseme ninayoyaona. Silaha na risasi ziko sura ya 93 kwenye vitabu vya ushuru, na sheria ya forodha ya Afrika Mashariki ya 2004 imeziweka kwenye bidhaa zenye masharti, haziingii bila kibali. Hakuna wakala mwenye akili atakayekupitishia kitu hicho ndani ya kontena la mitumba, na atakayekubali ujue ndiye atakayekutaja wa kwanza skana ikionyesha. Kampuni za vifurushi nazo hazibebi silaha za watu binafsi hivi hivi. Kwa hivyo mtu akikuambia "tunaleta mpaka Mombasa" kwa 80,000, ama ni ya wizi iko hapa hapa nchini ama haipo kabisa.

Na mara nyingi haipo. Kuna jirani yetu Changamwe alituma nusu, akaambiwa imefika Namanga bado pesa ya forodha, akatuma, akaambiwa bado ya bima, akatuma. Alipokataa ndipo wakabadilika, wakamtumia picha ya kitambulisho chake alichowapa mwanzoni pamoja na meseji zake zote, wakamwambia tuma nyingine ama tunapeleka haya kwa DCI, polisi wa upelelezi. Maskini ya Mungu ataenda kuripoti nini, kwamba alikuwa akinunua bastola bila kibali akatapeliwa? Akaendelea kulipa akiwa kimya, mkewe ndiye aliyegundua baadaye akiba ya karo imekwisha. Hawa watu hawauzi bastola kabisa, wanauza hofu yako wewe mwenyewe. Kama umeshawatumia hata senti, meseji ya M-Pesa ipeleke kwa 456 ya Safaricom sasa hivi kabla hawajatoa.

Mama wa Likoni

Nimesoma yote na nashukuru wazee wameeleza vizuri, ila hakuna aliyemuuliza huyu ndugu, hapo nyumbani Mtwapa kuna watoto? Maana mwazungumzia duka na mtandao lakini bastola ikishanunuliwa yaja kulala wapi. Chini ya mto? Juu ya kabati? Mtoto wa miaka sita apanda kabati, mimi wangu alipanda akitafuta biskuti. Nakuomba kaka, bei ya bastola uihesabu pamoja na bei ya sefu la chuma lililofungwa ukutani, na mafunzo, usije ukamaliza pesa zote kwenye chuma halafu ukakifunga kwa kitambaa.

Na jambo la pili, usikasirike. Wezi wafuata pesa. Kama wateja wako wa jumla wote wangelipa kwa till, na zile za mkononi ukazipeleka benki mchana badala ya kutembea nazo usiku mpaka Mtwapa, watakufuatia nini? Sisemi usichukue leseni, ni haki yako ukiona wahitaji, nasema usiku ule watu wanne wakija na mapanga nawe uko kwenye gari na mke wako, bastola iko kiunoni chini ya mkanda wa kiti, sijui utaitoa lini. Mwambie mkeo nampa pole sana, nami najua usingizi wa namna hiyo.

Mzee wa Ganjoni

Bi, umenena. Sefu na mafunzo si mapambo. Sheria yenyewe yasema mlevi, mwenye akili isiyo sawa, ama mtu ambaye kwa sababu yoyote haonekani wa kuaminiwa na silaha asipewe cheti, na wakikuita watakuuliza waitaka ya nini na utaiweka wapi, kwa hivyo kijana majibu hayo uwe nayo ya kweli.

Wa Kongowea

Nawashukuru wote wallahi. Ile chaneli nimeshaifuta, sikuwa nimetuma pesa alhamdulillahi, lakini nilikuwa nimebakisha kidogo. Watoto wapo nyumbani, wadada wawili na wa mwisho ana miaka minne, mama umenishika pabaya. Kuhusu till naanza wiki hii, wateja wangu wa Kilifi wengi wao ni watu wa pesa taslimu lakini nitawasukuma.

Duka nitaenda nikishapewa cheti. Cheti cha tabia njema nimeshaomba kwa eCitizen, 1,050, alama za vidole nakwenda kupiga Huduma Centre pale GPO Digo Road. Swali lililobaki, nikinunua Nairobi naileta vipi Mombasa? Treni ya SGR, pale Nairobi terminus mbwa wanusa kila begi.

Mzee wa Ganjoni

Mwambie muuzaji mapema kwamba wakaa Mombasa, yeye ndiye atakayekuelekeza karatasi zipi ubebe. Na popote pale, treni ama ndege, nenda kwa polisi wa pale ukajitambulishe kabla begi halijaingia kwenye mashine, silaha tupu, risasi mbali, cheti mkononi. Usingoje mbwa akae chini mbele ya watu ndipo uanze kujieleza. Na ukiona ni usumbufu, nipigie kelele hapa hapa, mwanangu huenda Nairobi kwa gari lake kila mwezi, mtafuatana.