Tunaambiwa tungekata bima: bima gani, na kwa hati ipi?

Assalaam alaykum waungwana.

Nafungua uzi huu nikiwa na hasira, na sioni sababu ya kuificha. Baada ya mvua za masika kuingiza maji majumbani mwetu huku bondeni, karibu na Ziwa la Mwanakwerekwe hapa Zanzibar, kiongozi mmoja alikuja kutupa pole. Akasimama juu ya tuta, mahali ambapo viatu vyake havikulowa, akatuambia kwamba Serikali haiwezi kumjengea kila mtu nyumba na kwamba aliyejenga bondeni bila ya bima ajilaumu mwenyewe. Tukapewa magodoro, mablanketi na mchele, majina yakasomwa mbele ya sheha (mkuu wa shehia, yaani mtaa wetu), picha zikapigwa, gari zikaondoka. Ndani ya nyumba tope lilikuwa limeacha mstari ukutani, juu kidogo ya soketi za umeme.

Kauli ile si ngeni. Watu wa Kagera waliisikia baada ya tetemeko la Septemba 10, 2016, pale Rais Magufuli alipowaeleza waziwazi kwamba Serikali haitawajengea nyumba waathirika. Mimi siikatai moja kwa moja, kwa sababu hazina ina mipaka na mwenye nyumba ana wajibu wake. Ninachokikataa ni kutwishwa wajibu na mtu yule yule aliyenifungia njia ya kuutekeleza.

Kwa sheria ya ardhi Namba 12 ya 1992, ardhi yote ya Zanzibar ni ya umma, na mwananchi hupewa haki ya kuitumia tu. Wengi wetu huku hatuna hati ya haki hiyo. Tulicho nacho ni karatasi ya mauziano iliyoandikwa kwa mkono, yenye majina ya mashahidi, saini ya sheha na muhuri wa shehia. Sheha huyo hatukumchagua sisi. Ameteuliwa na Serikali. Kwa karatasi hiyo hiyo tulivutiwa umeme na tukaungiwa maji, na katika safari zote hizo za maofisini hakutokea hata mmoja aliyetuambia kwamba hapa ni bonde na hapafai kujengwa. Ubonde wake umekuja kuonekana siku ya kuomba msaada.

Kabla ya masika niliipeleka karatasi ile kwa wakala wa bima. Aliisoma mbele na nyuma, akanirudishia, akaniambia anataka hati, kibali cha ujenzi na mchoro uliopitishwa. (Kwa wale wanaodai kwamba tunaikimbia bima kwa sababu ya dini: nilimuuliza kuhusu takaful, yaani bima ya Kiislamu, akanitajia karatasi zile zile.) Nikaenda ofisi inayohusika kuomba hati, nikajibiwa kwamba eneo letu halijapimwa, na lini litapimwa hakuna aliyeweza kunijibu. Vespa yangu ina bima kwa kuwa sheria inalazimisha, na huikata nikiwa nimesimama dirishani. Nyumba, ambayo ni jasho langu la miaka yote, haikatiwi bima.

Wapo kati yetu waliojenga ukuta juu ya mtaro, na wapo wanaoufanya mtaro jaa. Hao watozwe faini, na ukuta uvunjwe, sitamtetea mtu. Lakini wasitumiwe kuwa kisingizio cha kumnyima mama mjane ambaye kila mwaka huwatuma wanawe wauzibue mtaro kabla ya mawingu kukusanyika.

Sheria ya maafa ya 2015 ilituundia Kamisheni ya Kukabiliana na Maafa, na sidhani kama iliundwa ili igawe magodoro. Tunataka tuambiwe kwa maandishi, kabla ya vuli, maeneo yapi ni ya hatari na masheha wakatazwe kupiga muhuri huko. Wanaotakiwa kuhama waoneshwe viwanja, na wanaobaki wapimiwe ardhi yao. Serikali ina Shirika la Bima la Zanzibar tangu 1969. Iliagize liuze bima ya nyumba kwa mtu mwenye karatasi ya sheha, hata kama fidia yake itatosha mabati na saruji tu. Yakishafanyika hayo, atakayekataa kukata bima aambiwe ajilaumu, nami nitakuwa wa kwanza kumwambia.

Kama yupo humu, Unguja au Pemba, aliyewahi kukatiwa bima ya nyumba kwa karatasi ya sheha, naomba aeleze alilipia kiasi gani na kama maji yalipoingia alilipwa.